Je, wajua kwa nini faili huchukua saa nzima kutoka chumbani hadi sebuleni?

Una video ya harusi yenye GB 40 kwenye kompyuta ya chumbani, unataka kuihamishia ile ya sebuleni. Zote mbili zimeunganishwa kwenye ruta moja. Unaanza kunakili, na dirisha linakutangazia kuwa imebaki saa nzima. Wengi hapo humlaumu mtoa huduma wa intaneti, na wapo wanaokwenda kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Fedha hiyo imepotea bure. Faili inayotoka chumbani kwenda sebuleni haitoki nje ya nyumba: inaingia kwenye ruta na kurudi. Hata ukichomoa waya unaoleta intaneti, kazi itaendelea vilevile.

Kabla ya kugusa chochote, tazama kasi inayoonyeshwa na dirisha hilo la kunakili, maana yenyewe ndiyo inayosema ugonjwa uko wapi. Ila kuna mtego. Ruta na vifurushi hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, zile Mbps, ilhali kompyuta inaponakili huhesabu megabaiti, yaani MB. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo njia ya Mbps 100 haiwezi kupitisha zaidi ya MB 12.5 kwa sekunde, na ukitoa sehemu inayoliwa na anwani na taarifa nyingine zinazosindikiza kila kipande cha data, unabaki na 11 na ushei.

Namba 11 basi ikae kichwani. Kama unatumia waya na kasi imeganda hapo, haipandi wala haishuki, ujue mahali fulani njia yako ni ya Mbps 100. Ingekuwa ya gigabiti, yaani Mbps 1000, ungeona kama MB 110 kwa sekunde, na video ile ingemalizika kwa dakika sita hivi.

Mshukiwa wa kwanza ni ruta. Zipo ruta za bei nafuu zilizoandikwa 1200 kwa herufi kubwa kwenye boksi, kumbe matundu ya waya nyuma yake ni ya Mbps 100. Hiyo 1200 ni hesabu ya Wi-Fi peke yake, tena imepatikana kwa kujumlisha 300 za masafa (mawimbi ya redio) ya GHz 2.4 na 867 za GHz 5, kisha ikakuzwa kidogo ipendeze. Kompyuta yako kwa kawaida hutumia masafa mamoja tu kwa wakati mmoja. Mimi naiita hesabu ya dukani.

Ruta ikiwa safi, shuku waya. Ndani ya waya wa mtandao kuna nyuzi 8, zimesokotwa mbilimbili. Mbps 100 inahitaji nyuzi 4 tu. Gigabiti inazitaka zote. Uzi mmoja ukikatika, au fundi akibana kichwa cha waya vibaya, mara nyingi vifaa vya pande mbili hukubaliana kushuka hadi 100 bila kukuambia. Intaneti inafanya kazi, kurasa zinafunguka, hakuna ujumbe wa hitilafu, na ndiyo maana kasoro hii huweza kukaa miaka bila kugunduliwa. Kwenye Windows, fungua Settings, ingia upande wa mtandao kisha Ethernet, usome kasi ya kiungo (Link speed): 100 au 1000. Ikisoma 100 na matundu yote ni ya gigabiti, badilisha waya. Wa aina ya Cat5e unatosha kabisa.

Kwa Wi-Fi mambo ni mengine. Hewa ni moja kwa wote, kama redio za upepo za walinzi: mmoja akizungumza, wengine wanasubiri. Kompyuta zote mbili zikiwa kwenye Wi-Fi ya masafa yale yale, kila kipande husafiri hewani mara mbili, kwanza kwenda kwenye ruta, kisha kutoka kwenye ruta, na kasi inakatika nusu. Ongeza simu za watoto, runinga na Wi-Fi za majirani. GHz 2.4 ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na kwenye jengo la ghorofa zote huwa zimejaa. GHz 5 ni pana zaidi lakini hushindwa na kuta nene. Ukiweza kuiunganisha kwa waya hata kompyuta moja tu kati ya hizo mbili, nafuu utaiona papo hapo.

Kuna wakati mtandao hauna kosa lolote. Kasi ikianza juu kisha ikaporomoka, huenda data ilikuwa inalundikwa kwenye kumbukumbu ya muda, nayo imejaa, sasa inangoja diski iandike. Flashi ya bei rahisi huandika chini ya MB 10 kwa sekunde hata ukiilaza juu ya ruta. Na folda ya picha ndogondogo elfu kadhaa itakwenda taratibu kuliko video moja yenye uzito uleule, kwa sababu kila picha ina taratibu zake: kuomba ruhusa, kufungua, kuandika, kufunga, na antivirasi kukagua. Zibane zote ziwe faili moja ya zip kwanza.

Ukitaka kujua kama kosa ni la diski au la mtandao, weka programu ya bure iitwayo iperf3 kwenye kompyuta zote mbili. Hiyo hutuma data kutoka kumbukumbu hadi kumbukumbu bila kugusa diski. Ikionyesha Mbps 940 huku kunakili kukisuasua, mtandao hauna kosa; iache ruta ya watu.

Na kama ruta ndiyo yenye matundu ya 100, huna lazima ya kununua nyingine kwa kazi ya siku moja. Unganisha kompyuta hizo mbili moja kwa moja kwa waya wa kawaida. Matundu ya gigabiti hujipanga yenyewe, na Windows itajipa anwani ya mtandao inayoanza na 169.254.