Askari wa c4 Si wa Bure

“Mweupe katoa askari bure, mle, kisha mlinde kwa b5.” Wanaojifunza sataranji hawachoki kulirudia hili, na kila mara linawapotezea kete. Weka ubao: d4 d5, c4 (herufi ni mstari wa wima, namba ni wa mlalo; Mweupe, mwenye kete nyeupe, ndiye huanza). Ufunguzi huu ni Gambiti ya Malkia: Mweupe anamtoa askari wa c4 kama chambo. Mweusi anakula c4, Mweupe anacheza e3, na tayari askofu wa f1 anamvizia askari huyo. Mweusi anang'ang'ania kwa b5. Mweupe anajibu a4.

Sasa hesabu. Ukilinda kwa c6, Mweupe anakula b5, unarudisha kwa askari wa c6, halafu malkia anakwenda f3. Basi! Ulalo wa f3 hadi a8 uko wazi, maana askari wako wa c na d wote wamehama, na ngome yako ya a8 inashambuliwa. Nafuu yako ni kumtoa farasi c6, naye analiwa kwa sheki, yaani mfalme wako akishambuliwa. Farasi mzima kwa sababu ya askari mmoja! Ukilinda kwa a6, Mweupe anakula b5 vilevile, na ukirudisha kwa askari wa a, ngome ya a1 inaila ya a8. Ukila a4, askofu anachukua c4 nawe unabaki na askari wawili dhaifu kwenye mstari wa a.

Mrudishe askari, tumia muda huo kutoa kete: farasi f3, farasi f6, e3, e6, askofu anakula c4, nawe c5 papo hapo ili kuigonga katikati. Kisha a6, ndipo b5 iwe na maana, kwa kuwa sasa inamfukuza askofu. Ukishindwa kukumbuka vyote, kumbuka c5.

“Ufunguzi hujulikana kwa hatua ya kwanza.” Hapana. Reykjavik 1972, mchezo wa 6 wa ubingwa wa dunia, Mmarekani Bobby Fischer alianza kwa c4 dhidi ya Boris Spassky wa Umoja wa Kisovieti. Hatua ya 3 walikuwa ndani ya Gambiti ya Malkia Iliyokataliwa, ambamo Mweusi hamli askari wa c4. Tazama askari walivyopangika.

“Farasi aliyebanwa, yaani anayekinga kete kubwa iliyo nyuma yake, hatoki.” Hatoki aliye mbele ya mfalme, aliye mbele ya malkia anaruhusiwa. Baada ya d4 d5, c4 e6, farasi c3, farasi f6, askofu g5, farasi wa b8 d7, wakabadilishana askari d5, Mweupe akila d5 kwa farasi amekwisha. Mweusi anamla farasi huyo kwa farasi wake wa f6 aliyebanwa na askofu wa g5, na kumwacha malkia wake aliwe, kisha askofu b4, sheki. Mweupe hana kizuizi ila malkia d2. Kete zikishaliwa pande zote, Mweusi amezidi farasi mmoja, kwa gharama ya askari mmoja.