"Kumbe Anasimama!" Dhana Potofu Kuhusu Skuta za Watu Wenye Ulemavu Jijini Arusha

Nilikuwa Soko Kuu, kwenye meza ya nyanya. Nilizima skuta yangu, chombo cha umeme chenye kiti na usukani, nikasimama, nikasogea hatua tatu ili nichague zilizoiva. Nyuma yangu kijana mmoja akasema kwa sauti: "Kumbe anasimama!" Mwenzake akadakia: "Sasa huyu anaumwa nini?" Mama muuza nyanya, anayenifahamu tangu nilipokuwa nikitembelea gongo, aliwageukia kabla sijafungua mdomo. "Mwamkieni kwanza mama yenu, ndipo mumuulize."

Dhana hiyo ndiyo ninayokutana nayo kuliko zote. Watu wanaamini kwamba anayetembelea skuta ya umeme ni lazima miguu yake iwe imekufa kabisa. Akionekana amesimama, basi ni mwongo, au kapokea muujiza. Nimeshashikwa mkono na mtu wa nia njema kabisa aliyetaka tumshukuru Mungu pamoja kwa sababu aliniona nimesimama nikitafuta pesa ya chenji kwenye kanga.

Ukweli ni kwamba skuta imetengenezwa hasa kwa ajili ya mtu anayeweza kusimama kidogo. Mmarekani Allan Thieme, fundi bomba wa Michigan, aliunda ya kwanza mwaka 1968 kwa ajili ya ndugu wa familia yake aliyekuwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu uliokuwa ukimpunguzia nguvu. Tazama umbo lake: ina kiti kinachozunguka, usukani wa kushika kwa mikono miwili na sehemu bapa ya kuwekea miguu. Ili uiendeshe unatakiwa ukae wima bila kuegemezwa, uwe na nguvu za mikono, na uweze kujihamisha kutoka kitini. Asiyeweza hayo hutumia kiti mwendo cha umeme, ambacho huongozwa kwa kijiti kidogo na kinaweza kuwekewa mito ya kumshikilia mgongo na kichwa. Ni vyombo viwili tofauti vya watu wenye mahitaji tofauti. Kwa hiyo kwenye skuta utamkuta aliyepona kiharusi nusu, mwenye baridi yabisi ya magoti, mwenye moyo au mapafu yasiyomudu mwendo mrefu. Na utatukuta sisi tuliougua polio.

Mimi niliugua nikiwa na miaka mitatu, kabla mpango wa taifa wa chanjo haujaanza mwaka 1975. Nilitembelea gongo shuleni, kazini, harusini, kila mahali. Nilipovuka miaka hamsini, mguu niliokuwa nauita mzima ukaanza kuchoka. Nikienda dukani, nikirudi nalala hadi jioni. Ndugu wakasema ni uzee, wakaniambia nizidi kutembea ili misuli ichangamke. Siku walipoiona skuta wakahuzunika: "Dada, ukizoea kukalia hicho, miguu italala moja kwa moja."

Hapo naomba nieleweke vizuri, kwa sababu ushauri huo unaumiza watu. Polio huua sehemu ya neva zinazoamrisha misuli. Neva zilizobaki huchukua kazi ya zilizokufa na kuifanya kwa miaka mingi, mpaka nazo zinaelemewa. Ndiyo maana udhaifu mpya unaweza kumrudia mtu miaka 15 hadi 40 baada ya ugonjwa wenyewe. Kwa mtu wa namna hiyo, kujilazimisha kutembea hadi kuchoka kupita kiasi huongeza udhaifu. Anachotakiwa ni kupanga nguvu zake: mazoezi mepesi anayoelekezwa na mtaalamu wa viungo, mapumziko, na chombo cha kumfikisha mbali. Mimi sasa nafika sokoni nikiwa bado na nguvu za kusimama kwenye meza ya nyanya. Zamani nguvu hizo ziliishia njiani.

Kuhusu mwendo sitasema mengi. Wapo wanaodhani hii ni pikipiki ya umeme, wakaogopa itawagonga watoto. Nchini Uingereza, ambako skuta hizi ni nyingi, sheria inaruhusu kilomita 6.4 kwa saa kwenye njia ya waenda kwa miguu na 12.8 barabarani. Mtu mzima anayetembea kawaida huenda kama kilomita 5. Kijana mwenye haraka ananipita.

Dhana nyingine inasikika hata kwa watu wa ujenzi: kwamba kizuizi chetu ni ngazi, kwa hiyo jengo la chini halina tatizo. Ngazi naziona kutoka mbali, nazikwepa. Kinachonirudisha nyumbani ni kitu kidogo: ukingo wa sentimita nane usio na mahali palipolazwa, kokoto zilizomwagwa na kusahaulika, bodaboda tano zilizoegeshwa kwa kupangana vizuri juu ya njia ya miguu. Kubwa kuliko yote ni mfuniko wa mtaro uliotoweka. Arusha imekaa mtelemkoni mwa Mlima Meru, maji ya masika yanashuka kwa kasi, kwa hiyo mitaro yetu ni mirefu kwenda chini na ni ya lazima. Sehemu nyingi mifuniko yake ya zege ndiyo njia yetu ya kupita. Ukikosekana mmoja, mwenye miguu anaruka huku anaongea na simu. Mimi njia yangu imeishia hapo, hata kama mifuniko mia iliyobaki ni mizima.

Na kuna vile vijiteremko vya zege mbele ya maduka. Wenye maduka hunionyesha kwa furaha: "Mama, tumewajengea." Nawashukuru kwa moyo wote, halafu nawaambia ukweli kwamba vingi vinafaa kupandishia pikipiki. Kipimo kinachokubalika ni urefu wa 12 kwa kimo cha 1. Kizingiti cha sentimita 20 kinahitaji mteremko wa mita 2 na sentimita 40. Ukijenga wa nusu mita, skuta inainua pua na inaweza kupinduka kinyumenyume. Hata kwenye mlima wa kawaida tunafundishwa kupanda na kushuka moja kwa moja, tusikatishe kiubavu, hasa kwa skuta ya magurudumu matatu. Ya matatu inageuka vizuri dukani, ya manne imetulia zaidi barabarani. Kwa mji wenye vilima kama wetu mimi nilichagua manne.

Wengine wanadhani kujenga njia hizo ni wema wa mwenye jengo. Sivyo. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, inayotaka majengo na huduma za umma zifikike. Ninapouliza mlango wangu uko wapi, siombi sadaka.

Sasa niseme na wanaonisaidia, maana ni wengi na nawapenda. Wengi huamini kwamba skuta ikikwama, msaada ni kuisukuma kutoka nyuma. Breki ya skuta si kama ya baiskeli. Ukiachia kitufe cha mwendo, breki ya sumaku ya umeme inabana yenyewe. Ukiisukuma ikiwa hivyo unaweza kuipindua au kuiharibu. Ipo klachi ndogo ya kuiachia ili isukumike, lakini ikishaachiwa breki ile haifanyi kazi tena, na chombo cha kilo mia pamoja na mwenyewe juu yake kitateremka chenyewe. Kwa hiyo usiguse kabla ya kuuliza. Sema tu, "Shikamoo mama, nikusaidieje?" Mara nyingi nitakuomba usimamishe magari dakika moja, na huo ndio msaada mkubwa.

Wengine husema: "Chombo cha Ulaya hicho, kikiharibika ndiyo basi." Hili lina ukweli nusu. Matairi ya saizi yake ni shida kupatikana, na chaja iliyotoka Marekani lazima uisome kabla ya kuichomeka, maana umeme wetu ni volti 230 na wao ni 120. Lakini skuta nyingi zinatumia betri mbili za volti 12, na fundi anayefunga sola anazielewa. Mwambie asikuwekee betri ya gari, kwa kuwa hiyo imeundwa kuwasha injini kwa nguvu ya ghafla, si kutoa umeme taratibu kwa saa kadhaa. Usiiache betri ikakaa tupu wiki nzima; chaji kila unaporudi. Mvua ikinyesha, funika usukani kwa mfuko wa nailoni, kwa sababu maji yakiingia kwenye swichi gharama ni kubwa. Na mafundi wa viti mwendo tunao: TATCOT, chuo kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kama kilomita 80 kutoka hapa, kinafundisha kazi ya viungo bandia na viti mwendo.

Kupanda kifodi, yaani daladala ya hapa Arusha, nayo haiwezekani, wala simlaumu konda. Haisi ina kidaraja mlangoni na viti vimebanana. Kule Dar es Salaam mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 yana vituo vilivyo usawa mmoja na mlango wa basi, hilo ndilo jambo lenyewe. Hapa kwetu, skuta ndogo ya kufumuliwa vipande, kiti, betri na fremu, inaingia kwenye buti ya teksi. Yangu ni kubwa, haiingii.

Kwa hiyo naenda nayo mwenyewe, na hapo ndipo ninapoulizwa nani ananisindikiza mjini. Hakuna. Natoka Kijenge saa mbili asubuhi, magari yakiwa yamepungua. Nafuata Barabara ya Moshi ya zamani, nashuka taratibu hadi darajani Themi, napanda kuelekea Mnara wa Saa, kisha nashika Barabara ya Sokoine. Nusu saa na ushee, nimefika sokoni. Njia nzima naijua kwa macho yaliyofumbwa. Kuna sehemu moja tu ambapo mfuniko wa mtaro haupo tangu masika iliyopita, nalazimika kushuka barabarani katikati ya vifodi kwa kama mita kumi. Mwanangu huwa ananipigia simu muda huo huo kuuliza kama nimeshazivuka.