Simu kwenye usafiri wa umma: ya dereva izimwe, ya abiria inyamaze

Swali la kama simu ziruhusiwe kwenye usafiri wa umma huulizwa kana kwamba ndani ya chombo kuna watu wa aina moja tu. Wamo wa aina mbili, anayeendesha na anayeendeshwa, na kila mmoja anahitaji kanuni yake. Anayeendesha asiguse simu chombo kikiwa kwenye mwendo, wala asiongee hata kwa ile isiyoshikwa mkononi. Abiria hana sababu ya kunyimwa simu yake. Kwake yeye, kinachohitaji mpaka ni sauti.

Kwa dereva hakuna mjadala mrefu. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata zaidi ya mita 22 kila sekunde. Dereva akiinamia simu kwa sekunde 5 asome ujumbe, basi limeshakwenda mita 111 bila mtu wa kuitazama njia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa uwezekano wa kupata ajali kwa dereva anayetumia simu ni karibu mara 4 ya ule wa dereva asiyetumia, na kwamba simu isiyoshikwa mkononi si salama zaidi kwa kiasi cha kutegemewa.

Wengi hukwama hapo pa mwisho. Mikono iko kwenye usukani, macho yako mbele, sasa shida iko wapi? Iko kwenye akili. Mtu anayejibu maswali ya pesa au ya mgonjwa aliyeko nyumbani anaweza kuielekea taa nyekundu kwa macho yote mawili na bado akachelewa kuitambua. Na mazungumzo ya simu si sawa na ya mtu aliyekaa pembeni. Wa pembeni akiona lori linajiingiza barabarani, hunyamaza mwenyewe. Wa upande wa pili wa simu halioni lori, kwa hiyo anaendelea kuuliza.

Relini mambo ni yale yale, ila tani ni nyingi zaidi. Tarehe 12 Septemba 2008, huko Chatsworth, California, treni ya abiria ilipita taa nyekundu ikagongana uso kwa uso na treni ya mizigo. Watu 25 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba dereva alikuwa akiandikiana ujumbe kwa simu, na wa mwisho aliutuma sekunde 22 kabla ya mgongano. Tarehe 9 Februari 2016, karibu na Bad Aibling nchini Ujerumani, treni mbili zilikutana kwenye njia moja na watu 12 wakapoteza maisha. Safari hii simu haikuwa mkononi mwa dereva. Mwongoza treni aliyekuwa kituoni alikuwa akicheza mchezo wa simu akiwa zamu, akatoa ishara zisizo sahihi, na baadaye alihukumiwa kifungo. Ndiyo maana kanuni ya kazini lazima imguse pia anayekaa ofisini na kuelekeza vyombo, si anayeshika usukani peke yake.

Kanuni yenyewe ni nyepesi kuiandika, na ni nyepesi vilevile kuivunja. Simu ya dereva izimwe kabla ya kuondoka, iwekwe ndani ya begi au kisanduku asichokifikia akiwa amefunga mkanda. Kuiweka kwenye hali ya kimya huku iko mfukoni hakutoshi, kwa sababu mtetemo pekee humfanya mtu awaze nani anampigia. Kama ramani ya simu inahitajika, njia ipangwe chombo kikiwa kimesimama, simu ifungwe kwenye kishikio, na taarifa za ujumbe zizimwe zisijitokeze juu ya ramani. Anayepokea simu za safari awe kondakta. Pasipo na kondakta, ofisi isubiri dereva afike kituoni. Hapo ndipo marufuku nyingi hufia: mwenye gari anabandika tangazo la kukataza simu, kisha yeye mwenyewe anampigia dereva aliye njiani kumuuliza amefika wapi, na asipojibiwa anapiga tena. Dereva ataogopa nini zaidi, tangazo au mwajiri?

Kwa abiria, marufuku ya jumla haitekelezeki wala haina maana. Simu ndiyo tiketi, ndiyo ramani, ndiyo njia ya kumwambia anayekungoja kwamba umechelewa, na chombo kikipata ajali ndiyo hutumika kuita msaada. Lililobaki ni kelele, na kelele za simu zina tabia yake. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kusikia upande mmoja tu wa mazungumzo huvuruga umakini kuliko kuwasikia wote wawili wakiongea. Akili hujaribu kubashiri jibu lisilosikika, na haiwezi kuacha kwa kuambiwa iache. Kwa hiyo abiria anayelalamikia simu ya jirani huku akivumilia marafiki wawili wanaopiga soga nyuma yake hana chuki binafsi.

Kisha kuna kupaza sauti. Mtu aliyezungukwa na mngurumo wa injini huongeza sauti bila kukusudia, kwa kuwa anajisikia kwa shida. Anadhani na mwenzake hamsikii. Kumbe simu nyingi za kisasa zina maikrofoni zaidi ya moja: iliyo chini hupokea maneno, na nyingine, aghalabu juu au nyuma, hupima kelele za pembeni ili zipunguzwe. Ukiongea kwa sauti ya kawaida, maikrofoni ya chini ikiwa karibu na mdomo, utasikika vizuri. Kinachoharibu ni kidole au kava lililoziba tundu hilo, au kuishika simu mbele ya uso kama sahani. Usipomsikia mwenzako, ziba sikio la pili kwa kidole. Hapo utashusha sauti yako mwenyewe bila kuambiwa.

Mawimbi nayo yana lake. Bodi la chuma hudhoofisha mawimbi, na chombo kinachokimbia huhama kutoka mnara mmoja kwenda mwingine, kwa hiyo maneno hukatika na mtu huanza "halo, halo" kwa sauti inayopanda kila mara. Kupiga kelele hakurudishi mawimbi. Andika ujumbe: mtandao ukipotea unaweza kutumwa tena ukirudi. Ukipigiwa, pokea, sema uko safarini na utapiga ukishuka, kisha kata. Dharura haihesabiwi hapa. Kuweka simu kwenye spika, kusikiliza ujumbe wa sauti hadharani, au kucheza video bila hedifoni, hivyo vipigwe marufuku bila kona kona. Havina dharura yoyote ndani yake.

Kwenye ndege hoja ni nyingine. Marekani ilikataza simu za mkononi kuunganishwa na minara ya ardhini ndege ikiwa angani tangu 1991, kwa hofu ya kuvuruga mitandao hiyo, na tangu 2013 wakala wake wa usafiri wa anga umeruhusu mashirika kuwaachia abiria watumie vifaa vidogo safari nzima vikiwa kwenye hali ya ndegeni. Ukiambiwa uiweke hivyo, iweke. Pawabanki isafiri nawe kwenye mzigo wa mkononi, kamwe si kwenye mizigo ya chini, maana betri ya lithiamu ikishika moto huko hakuna mtu wa kuiwahi.

Jambo moja husahaulika katika vyombo vilivyojaa. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani hushauriwa kukiweka mbali na simu kwa angalau sentimita 15, na kwenye msongamano simu inayoweza kumgusa kifuani huenda ikawa yako. Ukiwa umesimama umebanwa, iteremshe simu chini ya usawa wa kifua.

Na simu ya abiria ina kazi nyingine: kumripoti dereva anayeongea na simu. Baki kwenye kiti chako, andika namba ya gari, mahali na saa, kisha tuma kwa mamlaka husika. Ukipiga picha, zima mwanga wa kamera, na usisogee mbele kumrekodi wala kuanza kugombana naye gari likiwa kwenye mwendo, kwani utakuwa umemwongezea jambo la pili la kuyatoa macho yake barabarani. Kondakta akiwepo, mwambie yeye amfikishie.