Sharti za ndoa: zisemwe lini, ziandikwe wapi

Wachumba wanaokuja ofisini kwetu Chake Chake, Pemba, siku hizi huja na karatasi waliyoichapisha kutoka mtandaoni, juu imeandikwa "Mkataba wa Kabla ya Ndoa", na ndani imetajwa Sheria ya Ndoa ya 1971. Nikiona mwaka huo huwa sisomi zaidi. Sheria ile ni ya Tanzania Bara, haivuki bahari. Huku kwetu, ndoa na talaka za Waislamu ziko kwa kadhi, chini ya Sheria ya Mahakama ya Kadhi Namba 9 ya 2017, na rufaa zake haziendi Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Zinakomea Mahakama Kuu ya Zanzibar.

Lakini nia yao siilaumu. Kukubaliana mapema si kujiombea talaka. Posa nzima ni mazungumzo ya masharti: mahari kiasi gani, ngapi taslimu na ngapi deni, nani analeta kitanda na kabati, binti ataendelea na chuo au la. Ubaya ni kwamba mengi yanabaki midomoni mwa washenga, na mshenga akifa, kafa nayo. Mahari ya deni hasa naiona ikichezewa. Lile ni deni kama deni jingine. Mume akifariki, hulipwa kwanza kutoka katika mali yake ndipo warithi wagawane. Bila maandishi, wifi na mashemeji watakuambia ilishalipwa.

Sasa sharti lenyewe. Bibi harusi akitaka iandikwe kwamba mume hataoa mke wa pili, kwa madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu, sharti hilo ni batili: ndoa inasihi, sharti linaanguka, na mahari iliyotajwa inaweza kugeuzwa kuwa mahari ya mfano, yaani ya wanawake wa ukoo wake. Kwa madhehebu ya Hanbali lingesimama, ila Pemba si mahali pa kulijaribu. Kinachosimama kwetu ni talaka ya kutundikwa: mume atamke kwamba akiacha kutoa masurufu muda kadhaa, au akiondoka bila taarifa, mke wake ameachika. Sharti likitimia, talaka imeanguka. Na hapa wengi wanakosea wakati. Maneno hayo lazima yatamkwe baada ya kufunga ndoa. Yakitamkwa kabla, hakuna mke wa kuachika, ni maneno matupu. Mimi hushauri mashahidi wawili wa ndoa wasiondoke mpaka wasikie, kisha iandikwe na wote watie saini.

Mali ndiyo yenye vilio. Wanawake wananitajia kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya 1983, iliyoamua kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Uamuzi ule ulitokana na sheria ya Bara (na Bi Hawa mwenyewe rufaa yake ilitupwa, jambo ambalo hawaambiwi). Kwa kadhi, sheria ya 2017 imefungua mlango wa kugawana mali ya wanandoa pale panapothibitika mchango halisi. Uthibitisho ndio mtihani. Mama kauza mwani miaka, fedha zikanunua saruji na mabati, nyumba ikajengwa kwenye kiwanja cha mume, risiti zote zina jina la mume. Ningekuwa na amri, kila mchezo wa fedha, ule wa kuchangiana kwa zamu, ungekuwa na daftari. Nunua kwa jina lako, weka risiti kwako, si kwenye mkoba wa pamoja.

Kuhusu kuachana nitakuwa mfupi. Mume akitoa talaka ya mdomo akaondoka, nenda kwa kadhi wa wilaya ithibitishwe, upate cheti. Bila cheti, siku ukiposwa tena utaanza kutafuta mashahidi. Kama ni wewe unayetaka kutoka, usikimbilie kununua talaka, yaani hului. Maana yake unarejesha mahari au mlichokubaliana. Ikiwa mume hatoi masurufu, anakupiga, au katoweka, omba ndoa ifutwe kwa kosa lake, na mahari yako ibaki kwako. Tofauti ya njia hizi mbili ni fedha, na katika kesi nyingi ninazoziona mwanamke ndiye anayelipa kwa sababu hakuna aliyemweleza njia ya pili ipo.