Samaki wa chini hufuata sakafu yake

Ukitaka kujua samaki ametoka wapi, mgeuze umtazame mdomo. Mkundaji ana ndevu mbili chini ya kidevu, na ndizo anazopapasia mchanga akitafuta minyoo na vijikamba. Pono meno yake yameungana kama mdomo wa kasuku, maana riziki yake ni kukwangua mwamba. Gayogayo ndiye kituko zaidi: akiwa kifaranga ana jicho kila upande, kisha jicho moja linahama na kumfuata mwenzake, naye anaishi maisha yake yote amelalia ubavu. Samaki kama huyo mwambani hana kazi. Anataka mchanga au tope ajifukie.

Nimeanza na midomo kwa sababu swali ambalo sisi wataalamu wa samaki tunaulizwa na wavuvi kila tukifika kwenye mialo (mahali pa kushushia samaki) ya Mtwara na Lindi ni lile lile: mbona wenzetu wa kijiji cha pili wanaleta changu na chewa, sisi tunaleta hongwe na chaa? Wengine husema ni bahati, wengine nyavu. Nyavu zina sehemu yake, lakini jibu kubwa limelala chini ya maji.

Mto Ruvuma unaposhusha maji baharini hushusha na tope. Tope hilo hutia maji ukungu na kufunika sakafu, na matumbawe hayaliwezi kwa kuwa yanahitaji mwanga. Huko ni kwa hongwe, chaa, taa na kamba. Sogea kaskazini kidogo, Msimbati na Ghuba ya Mnazi, maji yanatakata na matumbawe yanasimama; hapo ndipo kwa chewa, kelea na pono. Kati yake kuna malisho ya nyasi bahari, ambako tasi hula majani kama mbuzi. Hayo yote yamo ndani ya hifadhi moja ya bahari, iliyoanzishwa mwaka 2000, yenye eneo la kilomita za mraba 650 hivi, nchi kavu ikiwemo.

Kisha kuna kina. Mbele ya Mtwara ukingo wa bara, yaani sakafu ya maji mafupi inayopakana na pwani, ni mwembamba: chombo hakiendi mbali kabla chubwi, ile risasi ya mshipi, haijakosa chini. Ukipita Kilwa kuelekea Mafia ukingo unapanuka, na watu wanapata eneo kubwa la maji mafupi. Kina hubadili hata rangi. Wekundu wa mwanga ndio unaopotea kwanza majini, kwa hiyo samaki mwekundu unayemwona anang'aa mezani, kule chini ni kivuli tu, haonekani. Ndiyo maana wekundu ni wengi kwenye mshipi wa maji marefu. Chini zaidi, kwenye mapango ya mteremko, yuko silikanti, samaki wa kale ambaye wataalamu waliamini ametoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, hadi alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2003 alinaswa na wavuvi wa Kilwa.

Sasa hapa ndipo hata sisi wataalamu tunapojikwaa. Meli ya utafiti Dr. Fridtjof Nansen ilipima samaki wa pwani yetu mwaka 1982 na 1983, na meli mpya yenye jina hilo hilo ikaja 2018. Wavu wa kukokotwa chini haupiti juu ya matumbawe, ukipita, utachanika. Kwa hiyo meli inafahamu vizuri sakafu tambarare, na mwambani inabaki kuuliza. Wanaofahamu mwamba ni watu wa dema (mtego wa kusuka) na mshipi.

Na wao pia wana upande wao. Kusi likivuma, ngalawa hubaki ndani ya ghuba, na daftari la mwalo linajaa tasi na chaa. Kaskazi likiingia na bahari ikatulia, watu wanatoka nje, changu na chewa wanarudi kwenye mizani. Msomaji wa daftari akiwa Dodoma anaweza kuandika kwamba chewa alipungua mwezi Julai. Hakupungua, hakufuatwa. Tena chewa ana jambo lake: wengi wao huanza maisha wakiwa majike, na wachache hugeuka madume wakishakuwa wakubwa. Mwamba ukivuliwa wakubwa tu, idadi inaweza kuonekana nzuri huku madume yamekwisha.

Ombi letu kwa makarani wa BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, ni dogo. Uzito mnaandika, aina mnaandika, na tunashukuru. Ongezeni mambo mawili: kina kilikuwa pima ngapi, na chini palikuwa nini. Nahodha hahitaji chombo chochote kulijibu hilo. Chubwi ikigonga mwamba, mkono unasikia; ikitua mchangani, inasikika kwa namna nyingine; ikizama topeni, inatoka kwa kuvutwa. Mwulizeni akiwa bado anashusha samaki, kabla hajaenda kunywa chai.