Ditoksi si dawa ya kuendesha

Neno ditoksi limezagaa Mombasa hadi halijulikani tena linashika nini. Marikiti unauziwa fungu la sanamaki, majani ya kuendesha, kwa jina la ditoksi. Nyali unapangiwa siku tano za juisi za mimea, na msimamizi wa kukuuliza kwa WhatsApp kila asubuhi umepata choo mara ngapi, nayo ni ditoksi. Kuna ditoksi ya kuukaribisha Ramadhani na ditoksi ya kuisahau biriani ya Idi. Siku hizi hata jagi la maji lenye vipande vya tango na ndimu limeshapewa jina hilo.

Maana yenyewe ni fupi. Ditoksi ni kuitoa mwilini sumu inayojulikana kwa jina, au kuivunja nguvu, kwa njia inayojulikana kuiweza sumu hiyo. Pasipo na jina la sumu, au pasipo na njia, hapo pana jambo jingine. Huenda likawa jambo jema, ila si ditoksi.

Neno limetoka mbali, na njia liliyopita inawahusu watu wa Pwani kuliko wanavyodhani. Wayunani wa kale waliita upinde toxon. Sumu ya kupaka mshale ikaitwa toxikon, yaani kitu cha upinde. Warumi wakaichukua kuwa toxicum, na humo ndimo zilimotoka toksi zote tunazozisikia leo. Kwa hiyo ndani ya ditoksi umelala mshale.

Mshale huo huku kwetu haukuhitaji kusimuliwa kutoka Ugiriki. Waata, wale wapinda pinde mashuhuri wa nyika ya nyuma ya Malindi, walimwangusha ndovu kwa sumu ya mti ambao Wagiriama huuita mutsungu. Sumu yenyewe ni utsungu, ambalo kwa Kiswahili ni uchungu, na kwa wazee wa Mvita na Lamu ni utungu. Vijiti na mizizi hukatwakatwa, huchemshwa kwa saa nyingi hadi ikabaki lami nyeusi nzito, kisha hupakwa nyuma ya kichwa cha mshale na kuviringishwa kingozi chembamba isikauke. Kilicho ndani ya lami hiyo wanakemia wanakiita uabaini, na jina hilo nalo wamelitoa kwa Wasomali, wanaoiita sumu ya mshale waabaayo. Inaposhika damu, moyo unakwenda ovyo kisha unasimama.

Lakini nyama ya mnyama yule ililiwa. Wawindaji walikata sehemu iliyozunguka jeraha wakaitupa, iliyobaki ikapikwa, kwa sababu uabaini ikipitia tumboni hufyonzwa kidogo sana. Kitu kile kile kwenye damu kinaua ndovu, kwenye tumbo hakifanyi mengi. Basi sumu haitambulikani kwa kuitazama. Inatambulikana kwa jina lake, kipimo chake na mlango iliouingilia.

Neno letu la kila siku, sumu, ni la Kiarabu, na lina siri inayofanana na hiyo. Herufi zile zile za sini na mimu mbili ndizo zilizomo katika tundu la sindano la Sura ya Al-A'raf, aya ya 40, pale ngamia anapotajwa. Ndizo pia zilizomo katika neno la Kiarabu la vinyweleo vya ngozi, masamm. Waarabu tundu, Wayunani upinde: lugha mbili zisizo ndugu, na zote mbili zimeiweka sumu jirani na kupenya. Wauzaji wa ditoksi wao wanazungumzia kutoka tu. Sumu zitatoka kwa choo, zitatoka kwa jasho, zitatoka kwa nyayo. Ziliingilia wapi, hawasemi.

Ditoksi ya kweli ipo, na Mombasa ipo. Anayeacha heroini hushikwa na arosto, yaani maumivu ya kuikosa, kati ya muda wa saa 8 na 24 tangu dozi ya mwisho, na humchukua siku 4 hadi 10. Kumpitisha hapo chini ya uangalizi, ndiyo ditoksi. (Methadoni inayotolewa kwenye kliniki za Kisauni na Malindi ni kitu kingine tena: hiyo hushika nafasi ya heroini kwa kipimo maalumu, mtu aweze kuishi na kufanya kazi.) Mlevi wa miaka mingi akikatisha pombe kwa ghafla anaweza kupata degedege akafa, ndiyo maana huachishwa kwa dawa na daktari akiwa karibu. Aliyemeza vidonge vingi, akifikishwa hospitalini hunyweshwa mkaa maalumu, gramu 50 kwa mtu mzima, na faida yake kubwa imo ndani ya saa ya kwanza. Aliyezidisha parasetamoli ana dawa yake, asetilisisteini. Aliyekunywa dawa ya wadudu ya shambani ana yake, atropini. Kila sumu na mwenzake. Hakuna daktari anayempa mgonjwa wa dawa ya wadudu juisi ya mchicha.

Hapa ndipo penye kero yenyewe. Kiswahili kina maneno mawili, sumu na taka, na biashara hii inaishi kwa kuyachanganya. Mwili hutengeneza taka kila saa, na una wafanyakazi wake. Ini hupokea amonia inayotokana na protini na kuigeuza urea. Figo huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji kwa siku, zikayarudisha karibu yote kwenye damu, na kutoa lita moja na nusu hadi mbili kuwa mkojo. Kazi hiyo inafanyika mtu akila viazi karai, inafanyika akila saladi. Taka zikirundikana kweli, mtu hahisi "uzito wa mwili" tu. Anavimba miguu, anatapika, macho yanakuwa manjano au anachanganyikiwa, na damu ikipimwa inaonyesha kreatinini, taka inayotokana na misuli, iliyopanda. Huyo ni wa hospitali, pengine ni wa mashine ya kusafisha damu.

Ukiifungua pakeji ya siku tano utakuta mambo matatu yamefungwa kitambaa kimoja: mlo wa mimea, kupunguza chakula, na dawa ya kuendesha. Dawa ndiyo inayotoa matokeo ya haraka, kwa hiyo ndiyo inayosifiwa.

Sanamaki, yaani sana ya Makka, hufanya kazi kwenye utumbo mpana, saa 6 hadi 12 baada ya kunywewa. Kufikia hapo chakula kimeshafyonzwa juu, kwenye utumbo mwembamba. Kinachomwagika ni maji na chumvi za mwili, sodiamu na potasiamu. Kidonge cha duka la dawa kina kipimo kilichoandikwa, na hakitakiwi kuzidi wiki moja bila ushauri. Konzi ya majani yaliyochemshwa haina kipimo, leo inakuwa nyepesi, kesho inamlaza mtu chooni. Chumvi ya haluli ina haraka zaidi, nusu saa hadi saa 6, na mwenye figo dhaifu haimfai kabisa, kwa sababu magnesiamu yake hutolewa na figo hizo hizo. Mwanamke anayetumia vidonge vya kupanga uzazi akiharisha sana zaidi ya siku moja, ahesabu kama aliyesahau kidonge.

Potasiamu hiyo ndiyo inayoturudisha kwenye mshale. Wapo wagonjwa wa moyo wanaomeza digoksini, dawa ya ukoo mmoja na uabaini. Potasiamu ikishuka mwilini, dozi ile ile ya digoksini aliyoizoea mgonjwa huanza kuusumbua moyo wake. Anayetumia dawa ya presha ya kukojoza mara nyingi tayari anapoteza potasiamu, sanamaki inamwongezea hasara. Kwa hiyo kinywaji kilichouzwa kwa jina la kutoa sumu kinaweza kuigeuza dawa kuwa sumu, na aliyeuza yuko mbali, anangoja picha ya kabla na baada.

Wazee walikuwa wakweli zaidi. Mtoto alinyweshwa mafuta ya mbarika huku ameshikwa pua, na lililofanyika liliitwa kuendesha. Hakuna aliyemwambia mtoto kwamba anatolewa sumu.

Siku ya pili ya ratiba kichwa hugonga. Msimamizi ataandika "sumu zinatoka, vumilia". Kwa mji huu, jibu la karibu zaidi limo kwenye dele la kahawa. Mtu aliyezoea vikombe vinne vya kahawa tungu kila jioni barazani na chai ya asubuhi, akikata vyote kwa siku moja, kichwa huanza kati ya muda wa saa 12 na 24, hufika kileleni siku ya pili, na kinaweza kukaa hadi siku tisa. Dawa yake ni kupunguza kikombe kimoja kimoja kwa wiki nzima kabla ya kuanza.

Kilo mbili zinazopotea mapema nazo zina maelezo. Mwili huweka akiba ya wanga ya gramu 400 hadi 500 kwenye ini na misuli, na kila gramu imeshika maji yapata gramu 3. Akiba ikiisha, maji yanaondoka nayo, na mizani inashuka bila mafuta kupungua kiasi hicho. Sahani ya kwanza ya wali wa nazi inayarudisha.

Nyuzi ndefu za kamasi zinazoonyeshwa chooni kuwa "uchafu wa miaka" ni ispaghula, maganda ya mbegu yenye nyuzinyuzi, aliyoinywa mtu huyo jana. Ikikutana na maji huvimba na kushikamana. Mkojo mwekundu ni biti. Na beseni la miguu, lile la maji ya chumvi lenye vyuma na waya wa umeme, linalogeuka kahawia kwa nusu saa? Liwashwe bila miguu ndani. Maji yatageuka vile vile, kwa kuwa ile ni kutu ya chuma.

Juisi pia zina hesabu yake. Glasi ya mililita 250 ya juisi ya machungwa inakula machungwa matatu au manne, inaacha nyuzinyuzi kwenye chujio, na inampa mnywaji sukari ya gramu 20 na zaidi, vijiko vitano vya chai. Mgonjwa wa sukari anayejidunga insulini ana hatari za pande mbili: juisi zikimpandisha asubuhi, njaa inamwangusha usiku. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, akianza ghafla kunywa lita ya mchicha na sukumawiki kwa siku, vitamini K inaipinga dawa yake. Ila ninayoihofia zaidi ni mbirimbi. Kwenye achari haina neno, ni chache na zinaliwa kwa kuonjwa. Ikisagwa konzi kadhaa na kunywewa kwa mkupuo, ni oksaleti nyingi mno, kitu kinachofanya mawe ya figo, na huko Kerala, India, madaktari wameandika juu ya watu waliozimikiwa na figo baada ya juisi hiyo hiyo. Biti na mchicha mbichi wa kusagwa wana oksaleti pia, hivyo kuvichanganya vyote kwenye glasi moja kila asubuhi si busara kwa mwenye historia ya mawe ya figo.

Kisha kuna joto. Msimu wa kaskazi mtu anatoa jasho akiwa ameketi. Ratiba inamkataza chumvi, inamwendesha, na inamwamuru anywe lita tano za maji. Sodiamu ya damu ikishuka anapata kichefuchefu, anachanganyikiwa, na mwisho degedege. Aliyeharisha hahitaji maji matupu: anahitaji lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogo kidogo.

Mlo wa mimea wenyewe hauna kosa, na inasikitisha kuona unabebeshwa jina lisilo lake. Mtu wa kilo 60 anahitaji kama gramu 48 za protini kwa siku. Juisi haifiki hata karibu, lakini pojo, kunde na mbaazi zinafika, kikombe kimoja kilichopikwa kikitoa kiasi cha gramu 15. Maharagwe na mboga viongezwe polepole kwa wiki mbili, la sivyo tumbo litajaa gesi na lawama zitaangukia "sumu". Chumvi kidogo ibaki. Ndizi na madafu yana potasiamu, jambo jema kwa wengi na baya kwa mwenye figo mbovu.

Kwa hiyo anayekula mbaazi na mchicha siku tano hajakosea chakula, amekosea jina tu. Anakula mimea. Aliyepunguza chakula amepunguza chakula, aliyefunga amefunga. Aliyekunywa sanamaki ameendeshwa, na neno hilo halina aibu, lilikuwapo kabla ya pakeji. Na anayesisitiza kwamba yake ni ditoksi, aulizwe kwa upole ni sumu gani, na iliingilia wapi.