Je, wajua kwa nini ganda la risasi ni la shaba ya njano?

Mtu wa Lubumbashi, kule Kongo, hahitaji kufundishwa mukuba, yaani shaba. Kiwanda cha kuyeyushia kilitoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911, na bomba lake la moshi, refu kupita mita 150, bado linaonekana toka mbali. Huko Kipushi, kama kilomita 30 kutoka mjini, shaba na zinki zimelala kwenye mwamba mmoja. Changanya sehemu 70 za shaba na 30 za zinki, unapata shaba ya njano, ile ambayo viwanda vingi duniani hutengenezea maganda ya risasi.

Chuma ni bei rahisi zaidi. Kwa nini basi wasitumie chuma?

Bunduki ikifyatuliwa, pini hugonga fataki, kikopo kidogo kilichokazwa kwenye kitako cha ganda. Fataki huwasha baruti, gesi inafumuka, risasi inaondoka. Papo hapo ganda lenyewe hutanuka na kubana kuta za chemba, yaani tundu la bunduki ambamo ganda hukaa, gesi isipate njia ya kurudi usoni pa mpigaji. Presha ikishuka, ganda hunywea kidogo, ndipo linapotoka bila kung'ang'ania. Kutanuka na kunywea hivyo ndiyo kazi ambayo shaba ya njano inaiweza kuliko chuma. Chuma hutumika pia, Wasovieti walikitumia sana, lakini sharti kipakwe kitu kisishike kutu, na hakinywei vizuri.

Shaba ya njano nayo ina udhaifu wake, na kwangu hapa ndipo penye utamu. Enzi za Waingereza kule India, maganda yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yalikuwa yakipasuka yenyewe msimu wa mvua, hata hayajaguswa. Jibu lilithibitishwa mwaka 1921: ni amonia, inayotoka kwenye mkojo wa farasi. Ganda huvutwa na kubanwa kiwandani likiwa baridi, kwa hiyo hubaki na mkazo ndani yake. Unyevu na amonia vikikutana na mkazo huo, ufa unaanza.

Dawa yake ni kulipasha ganda moto wa kiasi, mkazo ulegee. Ndiyo maana maganda mengi ya kijeshi yana doa la kahawia au samawati shingoni: ni alama ya moto huo.